Sitini au tisini: kuitafuta sauti ya babu katikati ya mvua, jenereta na shangazi

Swali kutoka Bukavu:

"Jambo Papa. Babu yetu alitutoka mwaka jana. Kabla hajaugua tulikaa naye jioni moja nyumbani kwa baba mdogo, huku Kadutu, akatueleza historia ya ukoo na mipaka ya shamba letu la Walungu. Simu mbili zilirekodi, yangu mezani na ya binamu yangu kwenye kiti karibu na mlango. Lakini mvua ilikuwa inapiga mabati, jenereta ya jirani inanguruma, na shangazi anamjibu babu kabla hajamaliza kusema. Pale penye neno tunalolihitaji kuliko yote, babu anasema mpaka unaanzia kwenye mkaratusi, 'hatua ...tini', au 'tisini', kutoka kijitoni. Mkaratusi ulikatwa zamani na kisiki hakionekani. Babu alisoma kwa mapadri, alihesabu kwa Kiswahili cha vitabu, hakusema 'makumi sita' kama sisi. Nimepitisha rekodi kwenye programu ya kutenganisha mwimbaji na ala. Mvua imepungua, lakini neno limezidi kupotea. Je, sauti zilizochanganyika namna hii zinaweza kutenganishwa kila moja ibaki peke yake?"

Jambo mama, na pole sana kwa kumpoteza babu.

Kabla hujasoma mengine, fanya jambo moja leo. Chukua mafaili yote mawili kama yalivyotoka kwenye simu, yahamishe kwa waya hadi kwenye kompyuta, kisha uyanakili mahali pa pili. Usiyapitishe WhatsApp kama sauti. Ukilazimika, yatume kama hati. Sauti inayotumwa kama ujumbe hubanwa ili isile megabaiti nyingi, na vinavyoumia kwanza ni vile vivumo vyembamba vya juu. Ndivyo tunavyovitafuta, na sababu utaiona mbele. Kila jaribio lifanyike kwenye nakala.

Sasa jibu. Kupata faili moja la babu, moja la shangazi, moja la mvua na moja la jenereta, yote safi kwa urefu wa jioni nzima: hapana, rekodi hizi hazitafika huko. Lakini barua yako haihitaji hayo. Inahitaji konsonanti mbili, ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Hilo naona linawezekana, kwa njia tofauti na ile uliyojaribu.

Wanaoshughulika na jambo hili huanza kwenye masikio. Mwaka 1953 mhandisi Mwingereza, Colin Cherry, alichapisha majaribio aliyowafanyia watu waliovaa spika za masikioni. Mara ya kwanza alichanganya habari mbili zilizosomwa na mtu yuleyule, akazipeleka pamoja kwenye masikio yote mawili. Wasikilizaji walizitenganisha kwa taabu, wakirudisha mkanda tena na tena. Alipopeleka kila habari kwenye sikio lake, walifuata ile waliyoambiwa kufuata bila shida, na ya upande wa pili hawakukumbuka karibu chochote. Wewe mwenyewe jioni ile ulimsikia babu vizuri kuliko simu yako ilivyomsikia, kwa sababu ulikuwa na masikio mawili, ulimwona akifungua mdomo, na ulijua anaongea juu ya nini. Simu haikuwa na lolote kati ya hayo.

Simu mbili, basi, ni kama masikio mawili. Tuchukue sauti mbili tu kwanza, ya babu na ya shangazi. Ya mezani imempokea babu kwa wingi na shangazi kwa uchache. Ya mlangoni, kinyume chake. Kila simu imeandika jumla. Mwanafunzi wa sekondari atasema ni milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili, tutoe jibu. Tatizo ni kwamba hata vizidishio hatuvijui, yaani ni kiasi gani cha kila mtu kiliingia kwenye kila simu. Ni kama kuambiwa jumla ya pesa iliyolipwa sokoni kwa vikapu viwili, bila kuambiwa bei ya kitu chochote wala idadi yake.

Njia ya kutoka hapo ilianza kuchorwa Grenoble, Ufaransa, katika miaka ya 1980, na Jeanny Hérault na Christian Jutten. Pierre Comon akaipa msingi imara wa hesabu mwaka 1994, na mwaka uliofuata Anthony Bell na Terrence Sejnowski, huko Marekani, wakaonyesha kwa sauti za watu jinsi mashine inavyoweza kuzitenganisha bila kuambiwa chochote juu ya chumba. Wazo lao nalipenda tangu siku nilipolielewa. Simama juu ya kilima usikilize soko la Kadutu: unasikia uvumi mmoja tu, laini, usio wa mtu yeyote. Shuka hadi ufike mbele ya mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani: sauti yake ina mshindo, ina ukimya kati ya maneno, ina kupanda na kushuka. Hesabu inasema hivyohivyo. Ukijumlisha mambo mengi yasiyotegemeana, jumla hukaribia umbo moja, lile la mchoro wa kengele, ambamo vipimo vingi vimerundikana katikati na vichache viko pembeni. Sauti ya mtu mmoja haina umbo hilo, maana sehemu kubwa ya muda ni kimya, kisha ghafla ni kilele. Kwa hiyo kila mchanganyiko unafanana na kengele zaidi kuliko vitu vilivyochanganywa. Mashine hutoa kidogo cha rekodi hii katika ile, na kidogo cha ile katika hii, ikibadilisha vipimo hadi ipate matokeo mawili yaliyo mbali na kengele kadiri inavyowezekana. Ikifika hapo, kila tokeo ni mtu mmoja. Haijui yupi ni babu, wala aliongea kwa nguvu kiasi gani, lakini imewaachanisha.

Njia hiyo inataka mikro, yaani vipokea sauti kama simu zenu, zisiwe chache kuliko vyanzo vya sauti, na inaweza kuvumilia chanzo kimoja tu ambacho chenyewe kina umbo la kengele. Mvua juu ya mabati ni maelfu ya matone, kila tone ni chanzo, na jumla yake ni kengele kamili, nanyi mlikuwa na simu mbili tu. Nimeishi Lubumbashi miaka mingi, najua kuanzia Novemba hakuna anayerekodi chini ya bati bila kuisikia mvua ndani ya kazi yake.

Chumba nacho kina ubishi wake. Katika hewa ya joto la nyuzi 20, sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Neno la babu lilifika kwenye simu moja kwa moja, kisha likafika tena kutoka ukutani, kisha kutoka kwenye bati. Mwangwi uliopita njia ndefu zaidi kwa mita 3.4 huchelewa milisekunde 10, na chumba cha saruji kina miangwi kama hiyo mingi mno. Kwa hiyo hakuna kiasi kimoja cha shangazi cha kutoa kwenye rekodi. Kuna shangazi wa sasa, na wa kitambo kidogo kilichopita, na wa kabla ya hapo. Tena simu za siku hizi hupandisha na kushusha sauti zenyewe. Shangazi akipaza, simu inashusha kila kitu. Akinyamaza, inapandisha, na mvua inapanda nayo. Vipimo tulivyotaka vitulie vinabadilika kila dakika.

Halafu kuna saa. Kila simu inahesabu muda kwa kioo chake kidogo cha kwatzi (quartz), na vioo viwili havilingani kamwe. Tofauti ya sehemu 20 katika milioni ni ya kawaida. Kwa saa moja hiyo ni milisekunde 72, na kwa rekodi ya sampuli 48,000 kwa sekunde (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti) ni sampuli 3,456. Mbinu ya kutenganisha inataka simu zilingane sampuli kwa sampuli, na rekodi za jioni nzima haziwezi kulingana hivyo bila kunyooshwa. Hapo wengi hukata tamaa.

Lakini wewe huhitaji jioni nzima! Chukua sekunde tatu tu zenye lile neno. Ndani ya sekunde tatu, tofauti hiyohiyo ya saa ni kama sampuli 3, karibu si kitu. Kata kipande kilekile kutoka kwenye mafaili yote mawili, utafute kitu kimoja chenye ncha kali kinachosikika kwenye yote, kama kikombe kilichogonga meza au "p" ya mtu, uvilinganishe hapo, kisha uvijumlishe. Maneno ya babu, yakiwa yamelinganishwa, yanaongezana. Mvua haiongezani vilevile, kwa sababu matone yaliyo karibu na meza si yale yaliyo karibu na mlango. Ikiwa simu zote mbili zilimsikia babu kwa nguvu sawa, unaweza kupata hadi desibeli 3 za unafuu. Ni kidogo. Kwa konsonanti iliyofunikwa nusu, kidogo hicho kina maana, na uzuri wake ni kwamba hakuna kilichofutwa.

Jenereta nitaimaliza haraka, maana ndiyo kelele nyepesi kuliko zote. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na jenereta ndogo nyingi huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kuutoa. Kelele yake husimama kama mistari: 50, 100, 150 na kuendelea, pamoja na mingine katikati inayotokana na mishindo ya injini. Kichujio chembamba kwenye kila mstari kinatosha. Usikate tu kila kilicho chini ya 200 Hz, kwa sababu msingi wa sauti ya mwanamume uko humo.

Mvua ndiyo iliyokuharibia kazi, na hapa nataka uelewe kilichotokea kwenye ile programu. Programu za kutenganisha nyimbo, kama Spleeter iliyotolewa na Deezer mwaka 2019, au Demucs ya Facebook, hujifunza kwa mifano: wimbo uliochanganywa upande mmoja, na sehemu zake zilizorekodiwa mbalimbali upande wa pili. Mkusanyo wa mifano unaotumika sana, MUSDB18, una nyimbo 150, kila moja imegawanywa katika mwimbaji, ngoma, besi na vinginevyo. Mashine iliyofunzwa hivyo inajua vyumba vinne tu. Kwake babu na shangazi ni mwimbaji mmoja. (Huku kwetu huletewa zaidi nyimbo za zamani za gitaa, za aina ile Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliyoirekodi kwa mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke mwaka 1952 Jadotville, Likasi ya leo. Nazo zinapata taabu hiyohiyo: gitaa moja, mtu mmoja, na mashine inapeleka nyuzi nene kwenye besi na nyembamba kwenye vinginevyo, kana kwamba walikuwa wapigaji wawili.) Mvua kwenye bati nayo inafanana na matoazi, basi ikapelekwa kwenye chumba cha ngoma.

Na herufi "s" je? Tamka "sss" ukiwa umefumba macho. Haina noti, haina mpigo, ni mvumo wa hewa ulio juu, wenye nguvu zaidi kuanzia kama 4,000 Hz. Kwa mashine ni mvua. Ilipoiondoa mvua, iliondoa na "s" ya babu, na neno lenyewe, sitini au tisini, limesimama juu ya "s" na "t". Kwa hiyo fungua lile faili la ngoma ambalo programu ilikutolea, na ambalo labda hukulisikiliza. Huenda nusu ya neno la babu imo humo.

Mbinu za zamani zina kasoro ya namna hiyohiyo. Mwaka 1979 Steven Boll alieleza jinsi ya kupima kelele mahali ambapo hakuna anayeongea, kisha kuitoa kwenye sehemu zenye maneno. Ni njia rahisi na ya kweli, na bado inafanya kazi ndani ya programu nyingi, lakini ukiikaza sana inaacha vilio vidogo kama filimbi na kula konsonanti laini. Kwa rekodi yako itumie kidogo tu, mvua ishuke bila kuisha.

Shangazi ni tatizo jingine, kwa sababu ni sauti ya mtu kama babu. Hapa wanatumia picha ya sauti, spektrogramu: muda unakwenda kulia, urefu wa sauti unapanda juu, na nguvu inaonekana kama mwanga. Watu wawili wakiongea pamoja, sauti zao zinagongana kwa wakati, lakini katika kila kijisanduku kidogo cha picha hiyo mara nyingi ni mmoja tu anayetawala. Mashine hujaribu kupaka rangi: visanduku hivi vya babu, vile vya shangazi. Tangu 2016 mitandao ya neva imefanya maendeleo makubwa katika upakaji huo, hata kwa mikro moja. Mwaka 2018 wahandisi wa Google walieleza njia inayokufaa zaidi: unaipa mashine kwanza sauti safi ya mtu unayemtaka, ikaijua, kisha inamfuata huyo peke yake ndani ya mchanganyiko. Tafuta basi rekodi nyingine ya babu, ujumbe wa salamu, sala ya chakula, chochote alichosema akiwa peke yake. Hata nusu dakika inasaidia.

Lakini uwe mwangalifu. Mitandao mingi ya kutenganisha wasemaji ilifunzwa kwa Kiingereza kilichosomwa katika vyumba tulivu. Babu aliongea Kiswahili kinachopitiwa na Mashi, lugha ya kwenu Walungu, katika chumba chenye mwangwi. Na siku hizi zipo programu ambazo hazifuti tu, zinaijenga sauti upya pale ilipoharibika. Zinapendeza sana masikioni. Kwa neno hili usiziguse kabisa. Zikikuta shimo kabla ya "-ini", zitaweka konsonanti inayoelekea kuwa sahihi kadiri ya mifano ziliyoiona, na utaisikia "sitini" safi ambayo babu hakuitamka. Familia itagawana ardhi kwa neno la mashine.

Fanya hivi badala yake. Kile kipande cha sekunde tatu kifungue katika Audacity, programu ya bure, uchague mwonekano wa spektrogramu. Katika "sitini", mvumo unatangulia, kisha "i", kisha ulimi unaziba kabisa, kisha "i". Katika "tisini", kuziba kuko mwanzoni, na mvumo uko kati ya "i" mbili. Usijali mwanzo wa neno, maana hapo mwisho wa "hatua" na maneno ya shangazi huenda vimeingiliana. Tazama kati ya "i" ya kwanza na ya pili. Ikiwa ni "t", sauti ya babu inakatika juu na chini kwa muda mfupi, mvua peke yake inabaki, kisha unakuja mlipuko mdogo. Ikiwa ni "s", sehemu ya chini inakatika, lakini ya juu inawaka kuliko mvua iliyo kabla na baada yake. Mvua, kwa kuwa imetulia, inakuwa rula yako: unauliza tu kama pale katikati kuna mwanga zaidi yake au hakuna.

Kisha wape kusikiliza watu wanne au watano waliozoea usemi wa babu, mmoja mmoja, wasioweza kusikia jibu la mwenzao, na wasioambiwa nani anafaidika na mpaka upi. Kila mmoja aandike. Ukiwaambia kabla, "sikia, anasema tisini," wote watasikia tisini. Sikio hutii haraka. Siku mtakapokaa na wazee, wapeni kwanza rekodi ya asili, ndipo hii iliyosafishwa, na mseme wazi nini kilifanywa juu yake. Picha na masikio vikikataa kukubaliana, andikeni namba zote mbili katika maandishi ya ukoo.

Na kuna msaada ambao babu mwenyewe amekuachia. Mzee wa Kivu akieleza historia jioni nzima, ni vigumu asiguse uhuru, na yeye kwa Kiswahili chake angesema "mwaka sitini". Ni vigumu pia asiguse vita vya 1996, "tisini na sita". Maneno yote mawili huenda yamo katika mafaili hayohayo, kwa mdomo uleule, simu ileile, mvua ileile. Yatafute, uyakate, uyaweke moja juu ya jingine na lile la hatua, utazame kati ya "i" mbili. Ukishayapata, nitumie vipande vyote vitatu kama hati, bila kuvisafisha.